Ziachie Rezista Ziamue: Kubuni Amplifaya ya Tranzista Moja

Chukua mchoro mmoja wa amplifaya, ujenge mara mbili kwa rezista zilezile na betri ileile, tofauti iwe tranzista tu. Ya kwanza itatoa sauti safi. Ya pili huenda ikakwaruza, au ikanyamaza kabisa. Wanafunzi wengi wa elektroniki wakifika hapo huilaumu tranzista: eti ni feki. Mara nyingi si feki. Kasoro iko kwenye mchoro, na mchoro huo umenakiliwa daftari hadi daftari bila mtu kuuliza ni nani hasa anayeamua mkondo upite kiasi gani. Makala haya namwandikia mwanafunzi wa Morogoro anayepata vifaa vyake kwa mafundi wa Msamvu, vingine vipya, vingine vimetolewa kwenye bodi za redio zilizokufa, na anayetaka amplifaya yake ya kwanza aibuni mwenyewe badala ya kuinakili.

Chanzo cha matatizo ni beta, yaani namba inayoonyesha mkondo wa kolekta ni mara ngapi ya mkondo wa beisi. Tangu Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain walipoifanya tranzista ya kwanza ikuze mawimbi katika maabara ya Bell kule New Jersey (wao wawili pamoja na William Shockley walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1956), viwanda vimejifunza mengi, lakini kutoa tranzista zote zenye beta moja bado havijaweza. Vinachofanya ni kuzipima zikishatoka, kisha kuzigawa kwa herufi. BC547A ina beta kati ya 110 na 220, B kati ya 200 na 450, C kati ya 420 na 800. C1815 ina makundi ya O, Y, GR na BL, na ukiyaunganisha yote unaanzia 70 hadi 700. Ukinunua mpya unaweza kuchagua herufi. Ukiitoa kwenye bodi ya pawasaplai ya kompyuta, ambako C945 hupatikana kwa wingi, herufi huenda imefutika na joto la miaka mingi limepita juu yake.

Sasa tazama mchoro ule wa daftarini. Una rezista moja ya megaomu 1 kutoka chanya hadi beisi, rezista ya kiloomu 4.7 kwenye kolekta, na emita imeshikizwa moja kwa moja kwenye hasi. Betri ni ya volti 12. Kati ya beisi na emita hubaki takriban volti 0.65, kwa hiyo mkondo wa beisi ni 11.35 gawanya kwa megaomu 1, yaani kama mikroampea 11. Tranzista yenye beta 100 itapitisha miliampea 1.1 kwenye kolekta, rezista ya 4.7 itakula volti 5.3, na kolekta itakaa kwenye 6.7. Vizuri kabisa. Weka yenye beta 300. Itataka kupitisha miliampea 3.4, lakini rezista ile haiwezi kuruhusu zaidi ya 2.5 hata ikibeba volti zote 12. Kolekta inashuka hadi karibu sifuri na kukwama huko. Hakuna nafasi ya sauti kupanda wala kushuka. Tranzista iliyo nzima, na tena yenye beta kubwa zaidi, ndiyo iliyonyamaza.

Ushauri wangu mkuu ni huu: buni saketi ambayo mkondo wake unaamuliwa na rezista. Rezista unaweza kuinunua ikiwa na usahihi wa asilimia 5 au 1, na unaweza kuipima kwa mita ya bei ndogo. Beta hujui ni kiasi gani, na hata ukiijua leo saa mbili asubuhi, saa nane mchana itakuwa nyingine.

Kabla ya hesabu yoyote, amua amplifaya itafanya kazi gani. Wapo wanaoanza kwa kuchagua tranzista, na hapo ndipo wanapopotea. Tuchukue kazi ambayo mtu akikaa Msamvu nusu saa ataiona inahitajika: sauti ya mtu ipenye kelele za stendi. Panapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, muuzaji asiye na kipaza sauti hasikiki. Na Morogoro ni mji unaojua thamani ya sauti iliyokuzwa vizuri; ndio mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi ambazo magitaa yake yasingesikika hadi nyuma ya ukumbi bila amplifaya. Kazi yetu ni ndogo kuliko hiyo: maikrofoni ndogo ya duara, ile inayotolewa kwenye simu mbovu au redio kaseti ya zamani, ipate nguvu ya kutosha kuingia kwenye amplifaya kubwa inayoendesha spika.

Mtu akizungumza karibu, maikrofoni hiyo hutoa milivolti chache, tuseme 5 hadi 20. Amplifaya kubwa inataka milivolti mia moja na zaidi ndipo iamke. Kwa hiyo tunahitaji kukuza mara 20 hivi. Si mara 200. Hii namba 20 iandike juu ya karatasi kwa sababu ndiyo itakayokuongoza, na ndiyo itakayokuzuia usitamani ukuzaji mkubwa usio na kazi.

Umeme tuuchukue kwenye betri ya volti 12, kama ya bodaboda au ya mfumo mdogo wa sola. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hivi, ikiwa inachajiwa hufika 14.4, ikichoka hushuka hadi 11. Saketi yetu lazima ivumilie yote hayo. Mwanafunzi anayeanza namshauri atumie betri badala ya umeme wa ukutani, si kwa usalama tu. Adapta ya bei rahisi huleta mvumo wa hezi 100, mara mbili ya hezi 50 za TANESCO, na utatumia jioni nzima kutafuta kwenye saketi yako kosa ambalo liko kwenye adapta.

Sasa tubuni. Chagua mkondo wa kolekta kwanza: miliampea 1. Kwa nini 1? Kwa sababu milivolti za maikrofoni hazihitaji zaidi, betri haitachoka, na tranzista ndogo yoyote utakayopewa inafanya kazi vizuri kwenye mkondo huo. BC547 inaruhusiwa hadi miliampea 100, C1815 hadi 150, kwa hiyo tuko mbali sana na hatari.

Kisha inua emita kutoka kwenye hasi kwa kuiwekea rezista chini yake. Hiki ndicho kiungo kinachokosekana kwenye mchoro wa daftarini, na ndicho kinachonyang'anya beta mamlaka. Fikiria kinachotokea: mkondo ukitaka kuongezeka, volti ya emita inapanda, volti ya beisi tumeishikilia mahali pamoja, pengo kati yake na emita linapungua, tranzista inajibana yenyewe. Emita ikae kwenye volti moja na kitu, yaani kama sehemu ya kumi ya betri. Ukiiweka chini ya nusu volti, ile 0.65 inayobadilikabadilika na joto itakuwa na sauti kubwa kuliko rezista yako. Ukiiweka volti 4, unainyima kolekta nafasi ya kucheza. Kwa miliampea 1 na volti 1.2 tunapata kiloomu 1.2. Nitaigawa iwe mbili zilizofuatana, omu 220 na kiloomu 1, jumla omu 1,220. Sababu ya kuigawa inakuja.

Beisi inatakiwa iwe juu ya emita kwa 0.65, kwa hiyo karibu 1.85. Tunaishikilia kwa rezista mbili zinazogawana volti za betri, moja kutoka chanya kuja beisi, nyingine kutoka beisi kwenda hasi. Mkondo unaopita kwenye rezista hizi mbili uwe kama mara 10 ya ule unaoibwa na beisi, ili wizi huo usionekane. Kwa beta mbaya ya 100, beisi huchukua mikroampea 10. Basi tupitishe 100. Hapo juu tunahitaji kiloomu 90 na ushee, chini 18 na nusu. Dukani hakuna 18 na nusu. Kwa fundi wa Msamvu utapata 82 na 18, na hizo zinatosha. Mwanafunzi anayezunguka mji mzima kutafuta kiloomu 91 hajaelewa bado kwamba kubuni ni kuchagua thamani zilizopo halafu kupiga hesabu upya kwa thamani hizo.

Tupige. Bila tranzista, 82 na 18 zinagawa 12 kuwa 2.16 kwenye beisi. Zikitazamwa kutoka upande wa beisi, rezista hizi mbili ni kama kiloomu 14.8 moja. Kwa beta 100, mkondo wa emita ni 2.16 toa 0.65, gawanya kwa jumla ya omu 1,220 na sehemu ya 101 ya 14,800. Inakuja miliampea 1.1. Kwa beta 300, hesabu ileile inatoa 1.19. Beta imeongezeka mara tatu, mkondo umeongezeka kwa chini ya asilimia 10. Rudi juu ukaangalie kilichotokea kwenye mchoro wa daftarini kwa mabadiliko hayohayo. Hii hesabu moja ningependa kila mwalimu wa elektroniki aifanye ubaoni kabla hajafundisha fomula nyingine yoyote ya tranzista.

Kolekta inabaki. Sauti itaitikisa juu na chini, kwa hiyo iweke katikati ya nafasi yake: juu kuna 12, chini kuna emita yenye 1.4, katikati ni 6.7. Rezista ya kolekta inatakiwa ibebe volti 5.3 kwa miliampea 1.1 na kitu, kiloomu 4.7 inafaa. Kwa beta 100 kolekta itakaa karibu 6.9, kwa beta 300 karibu 6.4. Betri ikiwa inachajiwa kwenye 14.4, kolekta inapanda hadi 7.8 hivi na bado ina nafasi pande zote mbili. Betri ikishuka hadi 11, inakuwa 6.5.

Na joto? Msamvu mwezi Januari, ndani ya kibanda cha bati, ni joto kali. Panda gari la Mgeta, ule upande wa milima ya Uluguru unaoshusha kabichi na karoti sokoni Morogoro, ukae huko hadi usiku, utatafuta sweta. Ile 0.65 hupungua kwa milivolti 2 hivi kwa kila digrii moja ya joto. Tofauti ya digrii 20 ni milivolti 40, na kwa omu 1,220 hiyo ni mikroampea 33 tu, asilimia 3 ya mkondo wetu. Saketi yenye emita iliyoinuliwa haitambui kama iko Msamvu mchana au Mgeta usiku. Ile yenye rezista moja ya beisi itatambua, maana beta nayo hupanda na joto na hakuna cha kuizuia.

Tumemaliza upande wa mkondo tulivu, na ndio uliokuwa mzito. Ukuzaji sasa ni mwepisi. Ndani ya tranzista, kwenye emita, kuna ukinzani mdogo usioshikika kwa mkono: 25 gawanya kwa miliampea za mkondo, kwa hiyo hapa ni kama omu 22. Ukuzaji ni rezista ya kolekta gawanya kwa kila ukinzani ambao mawimbi ya sauti yanaukuta kwenye emita. Ukiacha omu 1,220 zote, utapata 4,700 kwa 1,242, karibu mara 4, haitoshi. Ukiziruka zote kwa kapasita kubwa kutoka emita hadi hasi, utapata 4,700 kwa 22, zaidi ya mara 200. Vitabu vingi huishia hapo kwa furaha. Mimi siipendi njia hiyo. Zile omu 22 hubadilika kila mkondo unapotikisika, na sauti ndiyo inayoutikisa mkondo, kwa hiyo sauti kubwa hukuzwa tofauti na sauti ndogo na matokeo yake ni mkwaruzo.

Ndiyo sababu ya kuigawa rezista ya emita. Omu 220 iache wazi, ikae karibu na emita. Kiloomu 1 iliyo chini yake ndiyo uiruke kwa kapasita ya mikrofaradi 100. Mkondo tulivu unaendelea kuona omu 1,220 na kutulia. Sauti inaona 242 tu. Ukuzaji ni 4,700 kwa 242, yaani 19. Tulitaka 20. Na tazama: beta haimo kwenye hesabu hii hata kidogo.

Ile 19 lakini ni kabla hujaunganisha chochote upande wa pili. Ukiipeleka kwenye amplifaya yenye kiloomu 10 mlangoni, zile 10 zinasimama sambamba na 4.7 ya kolekta na kuifanya ionekane 3.2, ukuzaji unashuka hadi 13. Hakuna kilichoharibika. Saketi inabebeshwa mzigo, na mzigo lazima uhesabiwe. Ukiona 13 haitoshi, punguza 220 iwe 100 na upige hesabu tena.

Kapasita za kuingilia na kutokea nitazipita haraka. Mlango wa saketi yetu unaonekana kama kiloomu 9 hadi 12, mikrofaradi 2.2 hapo inapitisha sauti zote za mtu kwa raha. Ya kutokea iwe mikrofaradi 1 au zaidi. Zikiwa za aina yenye pande, mguu wa chanya uelekee kwenye volti kubwa: ya kutokea, chanya yake iwe kwenye kolekta, ya kuingilia, kama inatoka kwenye maikrofoni yenye volti 6, chanya iwe upande wa maikrofoni. Maikrofoni yenyewe inahitaji kulishwa. Ipe volti kupitia rezista mbili za kiloomu 10 zilizofuatana, na pale zinapokutana weka kapasita ya mikrofaradi 47 kwenda hasi ili takataka za betri zisiingie kwenye mlango nyeti kuliko yote.

Kwenye kujenga, kuna mahali pawili ambapo ningekuomba usiharakishe hata kama jua linazama.

Mahali pa kwanza ni rangi za rezista. Kiloomu 82 ni kijivu, nyekundu, chungwa. Kiloomu 18 ni kahawia, kijivu, chungwa. Zote zina kijivu, zote zina chungwa, na chini ya taa hafifu kahawia na nyekundu hufanana. Ukizibadilisha nafasi, beisi itataka kupanda hadi karibu volti 10 na tranzista itafunguka yote. Zipime kwa mita kabla ya kuziweka, na kama zimetoka kwenye bodi ya zamani, zipime zikiwa nje ya bodi.

Mahali pa pili ni miguu ya tranzista. Ishike upande bapa ukikutazama, miguu chini, soma kutoka kushoto. BC547 ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 ni emita, beisi, kolekta, yaani kinyume chake kabisa. C945 na C1815 ni emita, kolekta, beisi. Beisi iko pembeni. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, ukamwamkia, ukaulizia C1815, akakwambia, "Hiyo imeisha kijana wangu, chukua C945, ni ileile," amekuambia kweli, hata miguu inakaa sawa. Akikupa BC547 kwa maneno hayohayo, uwezo ni uleule lakini miguu sio. Ukigeuza emita na kolekta, BC547 hairuhusiwi zaidi ya volti 6 kwa upande huo wa kinyume, na utapata sauti hafifu au tranzista iliyodhoofika.

Usipoiamini namba iliyoandikwa mgongoni, uliza mita. Iweke kwenye alama ya dayodi. Kwa tranzista za aina hii, ncha nyekundu ikiwa kwenye beisi, miguu mingine miwili yote husoma kati ya 0.6 na 0.7. Mguu unaosoma juu kidogo kuliko mwenzake, hata kwa milivolti chache, ndio emita. Mita zile ndogo za njano zina pia tundu la kupimia beta. Ukiichomeka sawasawa inatoa mamia, ukiigeuza inatoa namba ndogo sana. Itumie kutambua miguu. Namba yenyewe ya beta usiihangaikie, saketi yako haiihitaji.

Ukishajenga, usiunganishe maikrofoni wala spika. Washa betri, weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi, na usome sehemu tatu: betri ikiwa na volti 12, beisi iwe karibu 2, emita 1.4, kolekta kati ya 6.4 na 6.9. Zikiwa hapo, saketi ni nzima kwa upande wa mkondo, na lolote litakaloharibika baadaye liko kwenye kapasita au kwenye waya. Ukikuta kolekta ina 12 kamili na emita sifuri, hakuna mkondo unaopita: tazama kama beisi ina volti, kisha kama emita imefika kwenye rezista zake. Ukikuta emita imepanda hadi karibu 2.5 na kolekta imeshuka kukutana nayo, tranzista imefunguka yote. Tafuta kwanza kiloomu 18 iliyochomoka au risasi isiyoshika. Baada ya hapo chomoa tranzista, weka nyingine ya kundi tofauti, usome tena. Kolekta ikibaki pale pale, umebuni.

Kuhusu sauti, huna haja ya kusubiri zamu ya osiloskopu chuoni. Simu yoyote yenye programu ya kutoa toni itakupa hezi 1,000, lakini anza na sauti ya chini kabisa, kwa sababu kolekta yetu ina nafasi ya volti 5 hivi kila upande, na kwa ukuzaji wa 19 kilele cha milivolti 250 tu mlangoni kinaijaza. Simu inaweza kutoa zaidi ya hapo kirahisi, na utasikia toni ikigeuka kuwa ya ukali kama honi. Kuona umbo la mawimbi, tumia kompyuta yenye tundu la maikrofoni na programu ya Audacity, ambayo ni bure. Usiipeleke kolekta moja kwa moja kwenye kompyuta; ipitishe kwanza kwenye kapasita ya kutokea, kisha kwenye rezista ya kiloomu 100 na ya 10 zinazogawa mawimbi kwa 11. Rekodi mlango na njia ya kutokea kwa mgawanyo huohuo, linganisha vimo vya mawimbi, na hapo utaona 19 yako ya kwenye karatasi imetoka au la. Ile mita ya njano haitakusaidia hapa. Upande wa mawimbi inaanzia kwenye kipimo cha volti 200.

Simu itakuletea usumbufu mwingine. Iweke karibu na maikrofoni wakati inapigiwa na huenda ukasikia mtetemo wa trrr-trrr kwenye spika. Hayo ni mawimbi ya redio ya simu, na makutano ya beisi na emita yanayageuza kuwa sauti. Kapasita ndogo ya pikofaradi 470 kati ya beisi na emita, iliyochomewa karibu kabisa na miguu, huyapunguza sana. Waya wa maikrofoni uwe ule wenye wavu, na wavu ushikwe kwenye hasi.

Mwisho ni spika, na hapa ndipo miradi mingi hufa bila sababu. Mwanafunzi anachukua spika ya omu 8, anaishikiza kwenye kapasita ya kutokea, hasikii kitu, anatupa kila kitu. Piga hesabu: omu 8 zikisimama badala ya 4,700, ukuzaji ni 8 kwa 242, yaani 0.03. Na hata mkondo wote wa miliampea 1 ukitikisika kwenye omu 8, nguvu yake ni mikrowati 4. Tranzista yetu ni ya kukuza volti. Kusukuma spika ni kazi ya mwingine. Kwa betri ya volti 12 napendekeza TDA2003, saketi iliyotengenezwa kwa ajili ya redio za magari, inayokubali volti 8 hadi 18, hivyo 14.4 ya betri inayochajiwa haitaiua. Ipe bamba la alumini la kupoozea joto. LM386 ni nzuri kwa spika ndogo lakini haikupi nafasi kubwa juu ya volti 12, kwa hiyo usiiweke kwenye betri iliyo kwenye chaja.

Tranzista yetu na TDA2003 zikishaishi kwenye betri moja, mkondo mkubwa wa TDA2003 utaitikisa betri, na mtikisiko huo utarudi kwenye beisi kupitia ile kiloomu 82, ukuzwe, urudi tena. Utasikia put-put-put hata kama hakuna anayezungumza. Weka rezista ya omu 100 kwenye waya wa chanya unaolisha tranzista peke yake, na baada yake kapasita ya mikrofaradi 220 kwenda hasi. Mkondo wetu wote, pamoja na wa maikrofoni, haufiki miliampea 2, kwa hiyo omu 100 itakula chini ya volti 0.2. Waya wa hasi wa tranzista na wa TDA2003 kila mmoja uende kivyake hadi kwenye ncha ya betri, zisikutane njiani.